Kiti cha mninga kisichokatika mguu wa nyuma

Viti sita nilivyomtengenezea mwenye baa mmoja hapa Tabora vilirudi karakana kabla mwaka haujaisha, vyote vimekatika palepale: mguu wa nyuma, unapokutana na kikalio. Nikawalaumu walevi wanaoegemea mpaka miguu ya mbele inaelea. Lakini kiti cha baa asichoegemea mtu ni kiti gani? Kosa lilikuwa langu. Miguu yote minne niliipa inchi 1 na nusu, kisha nikautoboa wa nyuma tundu mahali panapobeba zaidi.

Dawa niliipata kwa Mfaransa, Jean Prouvé, mhunzi wa mjini Nancy. Kiti chake cha mwaka 1934 kina miguu ya mbele ya bomba jembamba. Ya nyuma ni bati la chuma lililokunjwa, pana usawa wa kikalio, likipungua kwenda juu na chini. Vita Kuu ya Pili ilipoadimisha chuma, akakitengeneza kwa mbao tupu. Hicho ndicho ninachokiiga.

Kwa mguu wa nyuma, chukua mbao ya inchi mbili kwa nne ya mninga mkavu. Ukinunua mbichi, ipange na vijiti katikati upepo upite, ipitishe kiangazi kizima, la sivyo ulimi, ile ncha ya mbao ya kikalio inayoingia mguuni, utasinyaa na kulegea ndani ya tundu. Kata urefu wa sentimita 82. Upande wa nyuma uache umenyooka. Upande wa mbele, weka alama sentimita 45 kutoka chini: hapo inchi 4 zote zibaki. Kutoka alama hiyo punguza taratibu hadi inchi 1 na nusu, juu na chini. Mlalo wa egemeo umeshaupata bila kupinda kitu. Vipande vya kabari vinavyobaki usivitupe, utaviweka kwenye kona chini ya kikalio. Na funga pua, vumbi la mninga linawasha.

Sasa tundu unaweza kulichimba inchi 2 na nusu kwenda ndani, na mti ukabaki nyuma yake. Ulimi uingie kwa kugongwa nyundo ya mbao, si kwa kusukumwa na kidole. Miguu ya mbele inchi 1 na nusu inatosha.

Wateja huniletea picha za makochi ya dhahabu ya enzi za Louis wa 15, miguu imepinda kama ya mbuzi. Nayo ni ya Wafaransa, yanapendeza. Ila mguu wa kupinda hukata nyuzi za mti. Huo naufanya kwa bei nyingine.

Kabla ya vanishi, mkalishe mtu mzito. Mimi nina mjomba, kilo mia na ushee, mcheza bao. Alikikalia cha kwanza tangu saa kumi hadi adhana ya magharibi, akiyumba kwa miguu miwili. Kililia mara moja, upande wa kushoto. Nikaufungua ulimi ule usiku uleule, nikautia gundi upya.