Namna ya Kuandika Nyaraka za Kazi Zinazosomeka kwa Urahisi

Ripoti, barua pepe na taarifa za kazini husomwa na watu wenye haraka, na kwa sababu hiyo uamuzi, ombi au matokeo hayana budi kukaa juu, historia ya jambo ikafuata baadaye. Waandishi wengi hufanya kinyume. Huanza na usuli wa aya tatu, wakidhani kwamba adabu inawadai hivyo, ilhali msomaji anatafuta kujua anatakiwa afanye nini na kwa tarehe ipi. Kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, nacho humwangalia msomaji kwanza: apate anachohitaji, akione bila taabu, akielewe na aweze kukitumia.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, imo ndani ya sentensi. Chukua mfano huu: "Kufuatia kikao kilichofanyika hivi karibuni, imeonekana kuwa kuna umuhimu wa kufanyika kwa mapitio ya utaratibu mzima wa utoaji wa ruhusa kwa watumishi." Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini hakuna mtu pia. Nani ameona? Nani atapitia, na lini? Vitendo vikuu vimegeuzwa kuwa majina, yakaunganishwa kwa mlolongo wa "wa" na "ya" mpaka msomaji anapoteza mwanzo kabla ya kufika mwisho. Mrudishe mtenda na kitenzi chake, utapata: "Kuanzia Jumatatu ijayo, idara ya utumishi itapitia upya utaratibu wa kuwapa watumishi ruhusa." Angalia kwamba sentensi ya pili haiwezi kuandikwa na mtu asiyejua majibu ya maswali yale, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli ya maandishi mengi ya ofisini kuwa mazito: mwandishi hajaamua, au hataki ijulikane nani ameamua.

Kwa hiyo, unapohariri, tafuta kwanza kitenzi "kufanya" na ndugu zake. "Kufanya uchunguzi" ni kuchunguza, "kutoa maelezo" mara nyingi ni kueleza, na "ili kuweza kufanikisha ukamilishaji" ni kukamilisha tu. Kauli ya kutendwa usiifute kila mahali. "Vifaa viliibwa usiku" ni sentensi nzuri kabisa pale mwizi asipojulikana. Tatizo ni "imeamuliwa" pale mwamuzi anapojulikana na kila mtu. Misemo ya kujaza nafasi, kama "katika suala zima la" na "kwa namna moja ama nyingine", iondoe bila huruma, kwani haibebi maana yoyote.

Uchangamfu wa maandishi hauletwi na mzaha wala alama za mshangao, bali na mambo mahususi. "Kumekuwa na ucheleweshaji mkubwa" hakumgusi mtu. "Mzigo ulifika siku 12 baada ya tarehe tuliyokubaliana" kunamfanya mkuu wa idara ainue simu. Sentensi ndefu pia si adui, mradi mtenda na kitenzi viwe karibu na mawazo yafuatane kwa mpangilio mmoja, lakini baada ya mbili au tatu za namna hiyo weka fupi. Vifupisho vifafanue vinapotokea mara ya kwanza.

Kisha soma andiko zima kwa sauti, na popote pumzi inapokukatikia, igawe sentensi hiyo. Mwisho, mpe mtu wa idara nyingine alisome, usimuulize kama amelipenda. Muulize anadhani anatakiwa afanye nini sasa. Akijibu visivyo, usimfafanulie kwa mdomo, kwa kuwa hutakuwepo kumfafanulia kila msomaji: rekebisha sentensi iliyompotosha, kisha mtafute msomaji mwingine.