Pasipoti mpya ukiipata, ya zamani usiitupe

Likizo iliyopita, nyumbani Mikindani, mama alifungua sanduku lake na kutoa pasipoti yangu ya zamani iliyokuwa imeviringishwa kwenye kanga. Pembe zimelika, jalada limepauka. Nilimwachia nikiamini imemaliza kazi. Kumbe kibali changu cha ukaazi kiligongwa humo, na siku ya kukihuisha ugenini nikatakiwa kuonyesha vitabu vyote viwili. Mdogo wangu akapanda basi la Mtwara hadi Dar es Salaam kumtafuta msafiri wa kuniletea. Wiki tatu sikulala vizuri.

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlioko nje, kinachobadilika si rangi tu. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 31 Januari 2018. Juu imeandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ule mstatili mdogo wenye duara katikati unaonyesha kuwa ndani kuna chipu. Ya raia wa kawaida ni ya bluu. Ya kijani ni ya watumishi wa serikali wanaosafiri kikazi, nyekundu ya wanadiplomasia. Lakini kitabu kipya huja na namba mpya, na kibali chako, benki yako na mwajiri wako bado wanaijua ile ya zamani. Wapelekee namba mpya mapema, na usafiri na vitabu vyote viwili mpaka kibali kihamishwe.

Kinachotuumiza zaidi watu wa Kusini ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Said, kibali cha ugenini Saeed. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa mashine inayosoma ile mistari miwili chini ya picha, ni watu watatu. Anza na cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha NIDA, pasipoti iwe ya mwisho. Ukiruka hatua utarudishwa mwanzo, na likizo imekwisha.

Fomu unaijaza mtandaoni, ila alama za vidole hakuna wa kukutolea. Ukija nyumbani, shughulikia hilo wiki ya kwanza, kabla ya harusi na misiba kukumaliza siku. Beba cheti chako na cha mzazi. Wala usingoje tarehe ya mwisho: nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita.

Ya kwangu sasa ninayo hapa, ndani ya ileile kanga ya mama.