Soma sahani kabla ya jalada: ninavyonunua na kutunza santuri za jazi

Nimekusanya santuri za jazi kwa zaidi ya miaka 30, nyingi zikiwa za Marekani za miaka ya 1950 na 1960. Nyumba yangu iko Mombasa, mahali ambapo joto, unyevu na chumvi ya bahari vimeapa kuzimaliza. Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia wajifunze kusoma sahani yenyewe ya santuri. Jalada linavutia macho, lebo inajisifu, na muuzaji naye ana watoto wa kulisha. Sahani haina sababu ya kukudanganya.

Kwanza, tuelewane kuhusu jina. Huku kwetu ukitamka jazi, wengi wanasikia Morogoro Jazz, Western Jazz au OK Jazz ya Franco, yaani dansi na rumba. Siku moja nilimwuliza mzee muuza santuri kule Nairobi kama ana jazi. "Jazi? Ninayo tele, kijana wangu, chagua." Akanifungulia katoni nzima ya rumba. Nilinunua mbili na mpaka leo nazipenda, ila John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, sikumpata. Kwa hiyo ukifika dukani, taja jina la mwanamuziki.

Hatua ya 1: Chagua mpiga besi, umfuate

Wengi huanza na majina makubwa, wananunua santuri kumi za Miles Davis, mpiga tarumbeta, kisha wanakwama. Mimi nilimchagua Paul Chambers, mpiga besi, nikawa nanunua chochote chenye jina lake nyuma ya jalada. Mtu huyu alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 33 tu, lakini utamkuta kila pahali: Blue Train ya John Coltrane (1957), Cool Struttin' ya Sonny Clark (1958), Kind of Blue ya Miles Davis (1959), Giant Steps ya Coltrane. Kila moja inakufungulia mlango wa wanamuziki wengine kadhaa. Kupitia Blue Train nilimjua Lee Morgan, aliyepiga tarumbeta ile akiwa na miaka 19, na Curtis Fuller wa tromboni, ambaye naona hajapewa haki yake.

Siku ya pili ya kurekodi Kind of Blue, tarehe 22 Aprili 1959, ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Chambers. Alikuwa anatimiza miaka 24. Kila nikiweka upande wa pili wa sahani hiyo nalikumbuka jambo hili, ingawa halinisaidii chochote dukani.

Hatua ya 2: Vaa miwani, usome maandishi ya karibu na lebo

Hapa ndipo penye kazi. Toa sahani kwenye kifuko, ishike kwa ukingo na kwa lebo, usiguse mifereji. Kati ya mwisho wa wimbo wa mwisho na lebo kuna utepe laini usio na muziki. Uinamishe kwenye mwanga. Utaona namba na herufi zilizochongwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha sahani.

Tuchukue kampuni ya Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939. Rekodi zake nyingi za miaka ya 1950 zilifanywa na fundi wa sauti Rudy Van Gelder, kwanza sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, na kuanzia 1959 kwenye studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Van Gelder alikuwa pia akikata mwenyewe sahani mama ambayo nyingine huzalishwa kutokana nayo, na alitia alama yake: RVG, au baadaye VAN GELDER. Ukiiona, ujue sauti ile imepita mikononi mwake mpaka hatua ya mwisho.

Kisha tafuta sikio. Ni alama ndogo iliyojipinda, inayofanana kabisa na sikio la mtu, japo kwa kweli ni herufi P ya mlalo, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kikiwachapia Blue Note sahani zao. Katikati ya miaka ya 1960 Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty, na kazi ikahamishiwa viwanda vingine. Sasa sikiliza mtego wake: Liberty walirithi rundo la lebo na majalada ya zamani, wakayatumia mpaka yakaisha. Hivyo unaweza kushika sahani yenye lebo ya zamani, jalada la zamani, RVG ipo, na kumbe ilichapwa baada ya mauzo. Sikio halipo. Muuzaji akisema "hii ni ya kwanza kabisa", wewe usibishane naye, geuza tu sahani kwenye mwanga.

Sisemi kwamba isiyo na sikio haifai. Zangu kadhaa za Liberty zinalia vizuri sana, na nilizipata kwa bei ya mtu mwenye akili timamu. Ninachosema ni usilipe bei ya sikio kwa sahani isiyo nalo.

Kwa Columbia, kampuni ya Miles, angalia lebo ina macho mangapi, yaani zile alama ndogo za jicho pembeni. Macho sita ni ya mwanzo, mpaka takriban 1962; macho mawili ni ya baadaye. Lakini hata lebo hukosea. Nakala za mwanzo za Kind of Blue zilichanganya mpangilio wa nyimbo mbili za upande wa pili, All Blues na Flamenco Sketches, na jalada likaandika vibaya jina la Cannonball Adderley, mmoja wa wapiga saksafoni. Kosa kubwa zaidi halionekani kwa macho: siku ya kwanza ya kurekodi, mashine ya tepu ilikuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo ukiipiga tepu ile kwa mwendo sahihi, muziki unakimbia na sauti inapanda. Upande wa kwanza wote ulitoka hivyo kwa miaka zaidi ya 30, hadi toleo la 1992 lilipotumia tepu ya mashine ya pili iliyokuwa sawa. Mpiga gita yeyote aliyejaribu kufuatisha So What, wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, kwenye santuri ya zamani alihisi gita lake limeharibika.

Na hizi mpya zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya chee? Ulaya, ulinzi wa hakimiliki ya rekodi ulikuwa miaka 50. Mwaka 2013 uliongezwa hadi 70, lakini zilizokwisha kuwa huru hazikurudishwa. Ndiyo maana kule mtu yeyote anaweza kuchapa albamu iliyotoka kabla ya 1963, na wengine huchukua CD tu wakaigeuza santuri. Kama hakuna mahali palipoandikwa chanzo ni tepu gani na nani aliikata, mimi siinunui. Afadhali Tone Poet, mfululizo ambao Blue Note wenyewe waliuanza 2019. Si za kale, ila zimetengenezwa na watu wanaojali.

Hatua ya 3: Kagua kwa taa, usiamini herufi za hali

Wauzaji hupima hali kwa herufi za Kiingereza: NM, VG+, VG, G. NM kwa maneno ni "karibu mpya", VG ni "nzuri sana" na G ni "nzuri". Kwa vitendo, VG inapasukapasuka kama mahindi ya bisi, na G unaweza kuwekea chai. Mimi sishuki chini ya VG+ isipokuwa kwa kitu ambacho nimekitafuta kwa miaka.

Tumia taa moja kali, si mwanga wa dirishani. Mkwaruzo usiosikika kwa ukucha mara nyingi hausikiki kwa sindano pia. Unaosikika kwa ukucha, utauhesabu mlio wake kila mzunguko.

Muuzaji akikubali kuipiga, sikiliza sehemu tulivu. Mwanzo wa So What ndio kipimo changu: piano na Chambers peke yao, kwa sauti ya kunong'ona. Uchafu na uchakavu hujitangaza hapo. Dramu zikishaingia, kila sahani inasikika nzima.

Hatua ya 4: Osha, lakini ujue unachoosha

Maji ya bomba huacha chokaa kwenye mifereji. Ninatumia maji ya betri, yale ya kuongezea yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma chupa mara mbili uhakikishe si asidi. Tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na mafuta ya mikono, kitambaa laini, unafuta kwa kuzunguka ukifuata mifereji, usikate katikati. Kisha suuza kwa maji yale yale bila sabuni, uisimamishe ikauke kivulini. Lebo isiloane.

Sasa nikiri kosa langu. Marehemu babu aliacha sahani chache nzito za taarabu, zile za mizunguko 78 kwa dakika. Nilikuwa kijana, nikasoma mahali kwamba spiriti husafisha vizuri, nikapaka. Kitambaa kikatoka cheusi. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu. Nikaongeza. Baada ya dakika uso ukawa unanata kama halua, na mifereji ikawa imelainika. Sahani za 78 kwa kawaida ni za sheleki, malighafi iliyotumika kabla ya plastiki, na sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Kile cheusi kilikuwa sahani yenyewe. Mama aliingia, akaona, akatoka bila neno.

Hatua ya 5: Zisimamishe, mbali na jua

Wima, kama vitabu, zisilalie wala zisibanane. Usizilaze moja juu ya nyingine. Usiache sahani ndani ya gari hata kwa dakika za kununua maji ya madafu. Pwani hii itaipinda kabla hujarudi.

Unyevu ni adui wa jalada kuliko wa sahani. Mfuko wa plastiki wa nje uwe wazi juu, hewa ipite, na kabati isigusane na ukuta wa nje. Ukungu ukishaingia kwenye kifuko cha karatasi, kitupe hicho kifuko, usikihurumie.

Hatua ya 6: Andika

Nina daftari la kaunta, kurasa zimegawanywa kwa wanamuziki. Kila sahani inapata mstari: mwaka, maandishi ya karibu na lebo neno kwa neno, nilinunua wapi, kwa kiasi gani. Limeniokoa mara mbili nisinunue nilichonacho tayari. Ukurasa wa Chambers umefika mstari wa 41, na mpaka sasa Cool Struttin' niliyonayo ni ya Japani. Ile yenye sikio bado naitafuta.