Kubadilisha kioo cha mbele: piga video mara mbili

Ukipeleka gari kubadilishiwa kioo cha mbele, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Iringa mjini, piga video mara mbili. Ya kwanza ni kabla fundi hajashika kisu cha kukatia gundi ya zamani: zunguka bodi, nguzo za pembeni mwa kioo, boneti, waipa, dashibodi na taa zake gari likiwa limewashwa. Fundi awepo, na mtumie hapohapo kwa WhatsApp ili saa na tarehe zibaki kwenu wote wawili. Ya pili ndiyo wengi huiruka: kioo cha zamani kikishatoka, kabla gundi mpya haijapakwa, chukua fremu kwa karibu. Ugomvi mwingi uko hapo: ni kutu ya zamani, au fundi ndiye aliyekwaruza? Kutu ya zamani ni ya kahawia na huvimbisha rangi. Mkwaruzo wa kisu wa leo unaacha bati linang'aa. Gundi ikishafunika, kila mtu atasema lake. (Fundi anayejiamini hakasiriki, maana video inamlinda na yeye.) Video haisaidii gari likiwa limejaa tope la njia ya Tunduma, kwa hiyo lioshe kwanza. Wala haionyeshi kuvuja: hilo pima kwa maji gundi ikishakauka, kabla hujamalizia malipo.