Kulivuta sweta la sufu lililorudi
Sweta la zamani la sufu halisi, kama yale yanayopatikana katika mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, likirudi, yaani likinywea na kuwa dogo, kwa kufuliwa na maji moto, liloweke nusu saa katika maji vuguvugu yenye kondishena kidogo ya nywele, ambayo hulainisha nyuzi zilizoshikana. Usilikamue, liviringishe ndani ya taulo kavu, kisha ulilaze mezani na kulivuta taratibu pande zote, ukianzia mabegani, hadi likaribie kipimo chake. Lililokwisha kuwa gumu kama jamvi halivutiki, usijisumbue. Likaushie kivulini likiwa limelazwa, na kwa unyevunyevu wa Mombasa, lisiingie kabatini kabla halijakauka kabisa, wala likiwa na jasho, kwani nondo hulipenda.