Kuchimbua asili ya neno «kiyama»

Ukiuliza barazani Lamu kiyama ni nini, utajibiwa: mwisho wa dunia. Kwa mazungumzo ya kila siku jibu hilo latosha. Kwa anayetaka asili halitoshi, kwani ndani ya neno lenyewe hamna mwisho wala dunia. Mna kusimama. Utalifikia hilo mwenyewe ukifuata njia hii.

Uwe na kamusi ya Kiswahili, na kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa mizizi, yaani konsonanti za msingi za neno, kama ile ya Hans Wehr. Iliyopangwa kwa maneno mazima haikuoneshi ndugu wa neno, na ndugu ndio ushahidi wako.

Anza na maendelezo. Utakuta «kiama» na «kiyama». Shika la pili, maana hiyo «y» imo katika Kiarabu. Kisha irudishe «k» kwao. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kiswahili kimeziunganisha herufi mbili za Kiarabu, kafu na qafu, zikawa «k» moja. Ukifuata kafu utaangukia mzizi wenye maana ya rundo, na hapo watu huanza kujitungia maelezo ya dunia kurundikwa. Ili kuhakikisha, msikilize mtu aliyesoma chuo cha Qurani sawasawa akilitamka: ataitoa herufi ya kwanza kwa shina la ulimi. Au tazama maandishi ya kale ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Qafu ina nukta mbili juu.

Sasa ondoa irabu, pamoja na «a» ya mwisho, ambayo ni alama ya jina la kike kwa Kiarabu. Zabaki q-y-m. Usitafute hapo! «Y» ya kati ni «w» iliyogeuka kwa kutanguliwa na «i». Fungua q-w-m, na utakuta kitenzi cha kusimama na kuinuka. Ukitaka kulipima hilo, soma Qurani, Sura ya 83, aya ya 6: siku watakaposimama watu mbele ya Mola wa walimwengu. Kitenzi kilichotumika ni hicho hicho. Jina Al-Qiyama lenyewe ni la Sura ya 75.

Hatua tamu kuliko zote ni kuwakusanya ndugu. Kaimu ni asimamaye mahali pa mwingine. Makamu asili yake ni mahali pa kusimama. Kima ni thamani, pale bei ya kitu inaposimama. Msikitini hukimiwa swala, watu wakainuka kupanga safu. Mustakimu, iliyomo katika Al-Fatiha, ni iliyonyooka. Wote hao ni ukoo mmoja na kiyama.

Chunga wanaofanana sura tu. Kiamu, lahaja ya Lamu, haihusiki kabisa: ni «ki-» ya lugha na Amu, jina la mji. Vivyo hivyo, dunia haikutoka katika «duni». Mzizi wake una maana ya kuwa karibu, yaani maisha haya ya karibu, kinyume cha akhera, ambayo ni ya baadaye. (Kuahirisha ni ndugu wa akhera.)

Kwa upande wa sarufi, «ki» ya mzizi imechukuliwa kama kiambishi, ndiyo maana twasema «kiyama kimefika». Kitabu kilipita njia hiyo hiyo kikapata vitabu, lakini «viyama» hakuna. Usiandike pia «siku ya mwisho wa kiyama»: kiyama hakina mwisho wa kutajiwa siku. Sema siku ya kiyama.

Unapotafsiri, pima kinachosemwa. Dunia ikiteketea, andika mwisho wa dunia. Wafu wakiinuka, andika kiyama. Neno la Kigiriki «apokalypsis» halina hata moja kati ya hayo; maana yake ni kufunua kilichofunikwa, na Biblia ya Kiswahili imelitendea haki kwa kukiita kitabu cha Yohana Ufunuo.

Kwa zoezi la pili, chukua jina la Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa mji wa Pate. Rudia hatua zile zile, ila safari hii «k» iache ilivyo, kwani ni kafu kweli. Mzizi ni k-sh-f, kufunua, ule ule uliotupa kashfa.