Kushika akaunti za mradi wa programu huria

Kikundi cha programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote), hata kiwe cha vijana sita wa Ngamiani, Tanga, kisifungue akaunti ya mitandao ya kijamii kwa namba ya simu ya mtu. Laini ikifungwa na kupewa mwingine, akaunti imekwenda. Tumieni baruapepe ya mradi. Nywila ikae kwenye faili la KeePassXC, programu ya kutunza nywila, wawe nalo watu watatu, si kumi.

Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu, ile ya tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, SMS hapana. Msimbo wa QR unaoonyeshwa wakati wa kuwasha uskaniwe na wote watatu kikao kimoja, maana ukishafungwa hauonyeshwi tena. Namba za dharura, za kuingilia simu ikipotea, zichapwe, zifungiwe kabatini. Wengi huziacha kwenye simu ileile inayoibwa.

Rasimu ya tangazo iwekwe kwenye Git, mfumo wa kutunza mabadiliko ya faili, mtu wa pili aisome. X (zamani Twitter) ya bure hupokea herufi 280, Mastodon, mtandao wa aina hiyo, kwa kawaida 500, basi andikeni kwa 280: "Toleo 2.1 limetoka. Risiti sasa zinachapika. Pakua hapa." Kiungo, basi.

Mlalamikaji aulizwe toleo analotumia na ujumbe wa kosa, bila kubishana naye. Tundu la usalama kwenye programu lisitajwe hadharani kabla ya kiraka, yaani toleo la kuliziba.

Msimamizi akiondoka, kubadilisha nywila pekee hakutoshi: tengenezeni QR mpya na mtoe vifaa vyote vilivyoingia, siku hiyohiyo.